Gia Ikigoma Baada ya Kubadilisha Liva: Pa Kuangalia Kabla ya Kushusha Giaboksi

Gari lilikuwa likiingia gia bila shida. Likafungwa liva (fimbo ya gia) fupi, au nobu (kichwa cha liva) nzito ya chuma, au bushi ngumu kwenye viungo vya liva. Wiki tatu baadaye gia ya pili inakwaruza, ya tatu inaruka, na mwenye gari ameshaambiwa giaboksi imekwisha, atafute nyingine ya eksi-Japani. Mara nyingi haijaisha. Kilichobadilika ni nguvu na mwendo unaofika ndani kutoka mkononi, na hivyo vinapimika kwa spana, rula, kalamu ya rangi na muda wa nusu saa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya nyingine yoyote: rudisha liva ya zamani, nobu ya zamani na bushi za zamani, kisha endesha gari siku mbili. Shida ikipotea, ilikuwa nje ya giaboksi. Ikibaki vilevile, ama ni klachi, ama kuna kitu kimeshaumia ndani. Aliyetupa vifaa vya zamani siku ya kufunga vipya amejinyima kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Kubadilisha liva hapa kwetu ni mambo mengi. Kuna vijana wa Nakuru wenye Subaru Impreza na Forester wanaoagiza seti za liva fupi, na hamu huzidi kila Safari Rally inapokuja Naivasha. (Gari za daraja la juu za mashindano hayo zina giaboksi za mfululizo, gia hufuatana moja baada ya nyingine, zisizo na sinkro, zile pete zinazolinganisha mizunguko kabla gia haijaingia. Anachokifanya dereva kule kwa mkono wake si kipimo cha Impreza ya kupeleka watoto shule.) Kuna Probox ya mizigo ya Kisumu–Busia iliyofungwa bushi za shaba kwenye ncha za kebo. Kuna Hiace ya matatu ambayo liva yake ya kwenye dashibodi imechomelewa kipande cha bomba ili iwe ndefu na ipendeze. Na kuna Hilux ambayo kikombe cha plastiki kinachoshika gololi ya liva kilivunjika, fundi akakata raba ya tairi akaikandamiza pale. Hii ya mwisho hakuna anayeihesabu kuwa kiboreshaji, lakini giaboksi haijui tofauti.

Hesabu ya liva yenyewe

Liva ni wenzo. Ina sehemu ya juu ya egemeo, inayoshikwa na mkono, na sehemu ya chini inayosukuma shafti au kebo. Chukua liva yenye milimita 280 juu na 40 chini. Uwiano ni 7 kwa 1. Chini ikitakiwa isogee milimita 10, nobu itasafiri milimita 70, na ukisukuma kwa kilo 3, chini zinafika kilo 21.

Sasa funga seti fupi inayoinua egemeo kwa milimita 15. Juu zinabaki 265, chini zinakuwa 55. Uwiano umeshuka hadi 4.8. Nobu inasafiri milimita 48 tu, karibu theluthi moja pungufu, na hiyo ndiyo raha unayoinunua. Lakini zile kilo 3 zako sasa zinafikisha chini kilo 14 na nusu. Kupata 21 za zamani lazima usukume kwa kilo 4.4. Hakuna seti inayokwepa hesabu hii, hata ikiandikwa nini kwenye boksi.

Liva ikirefushwa mambo yanageuka. Milimita 400 juu na 40 chini ni 10 kwa 1. Dereva wa matatu anaona gia inaingia kama kisu kwenye siagi, lakini akikasirika akasukuma kwa kilo 8, foku (uma wa ndani ya giaboksi unaosukuma gia) inapokea kilo 80 badala ya 56. Foku huchoka na kupinda bila mkono kuhisi kitu. Liva fupi inamchosha dereva, naye analalamika. Liva ndefu inaumiza chuma, na chuma hakilalamiki mpaka kiishe. Kati ya hizo mbili, ndefu ndiyo ya kuogopa zaidi, ingawa lawama zote huiangukia fupi.

Kwa magari ya kebo, kama Probox na Hiace, angalia seti imefupisha wapi. Nyingine hubadilisha liva ya ndani ya gari. Nyingine hufupisha mkono mdogo ulio juu ya giaboksi, ule unaovutwa na kebo. Hizi za pili zinaongeza mvuto kwenye kebo yenyewe, kwa sababu mkono mfupi unahitaji nguvu kubwa kuzungushwa. Ncha ya kebo hupasuka, bati linaloshika kebo hupinda, na dereva hudhani ni sinkro.

Kwanza itoe klachi kwenye lawama

Weka gari mahali tambarare, injini ikiwa imepata joto na inazunguka bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Kwenye giaboksi nyingi rivasi haina sinkro, ndiyo maana inasema ukweli. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, diski la klachi bado linazunguka, na hakuna liva duniani itakayotibu hilo.

Angalia mafuta ya klachi kwenye kopo, kagua masta na sileva (pampu ya juu na ya chini ya klachi) kama zinavuja (kunja ule mpira wa sileva uone kama kuna majimaji ndani), kisha pima uchezaji wa pedali. Ukibonyeza kwa kidole, pedali isogee kidogo kabla ya kukaza, milimita 5 hadi 15 kwenye magari mengi madogo. Kapeti nene ya kununuliwa ikizuia pedali isifike chini, toa kapeti. Si mzaha. Sentimita mbili za kapeti zinatosha kuharibu pete za sinkro.

Inakwaruza ikiingia gia ya pili au ya tatu

Hapa ndipo magari mengi yanapoangukia, na inafaa kuelewa kinachotokea ndani. Pete ya sinkro ni ya shaba, ina mikwaruzo myembamba kama nyuzi za skrubu upande wa ndani. Unaposukuma liva, pete inabanwa kwenye koni ya gia. Mikwaruzo inakata utando wa oili, shaba inashika chuma, na mzunguko wa vitu viwili unalinganishwa. Mpaka vilingane, meno ya pete yanaizuia sliivu (pete ya nje inayoteleza na kufunga gia kwenye shafti) isipite. Mlango unafunguka baada ya hapo.

Kazi hiyo inataka nguvu na inataka muda. Liva fupi inapunguza nguvu inayofika, kama tulivyoona, halafu inamshawishi dereva apunguze muda pia, maana mwendo wa mkono ni mfupi. Pete inapata msukumo wa ghafla kabla ya utando wa oili kukatika, sliivu inalazimishwa kupita, na meno yanagongana. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia.

Kushuka gia ni kuzito kuliko kupanda. Kwenye giaboksi yenye uwiano wa 1.3 kwa gia ya tatu na 1.9 kwa ya pili, ukiwa mizunguko 2,500 katika ya tatu, ya pili inataka karibu 3,650. Tofauti hiyo yote, zaidi ya mizunguko 1,100, inabebwa na pete moja ya shaba, ikilivuta diski la klachi na shafti ya kuingilia. Dereva anayeteremka kutoka Kiboswa kwenda Mamboleo, au kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan, anafanya hivyo tena na tena akiwa na mzigo. Ndiyo sababu ya pili hufa kabla ya nyingine.

Jaribu hivi. Gari likiwa na joto, panda kutoka ya kwanza hadi ya tatu polepole, ukiweka kituo kifupi kwenye nyutro, karibu nusu sekunde. Hakuna sauti? Basi rudia haraka kama ulivyozoea. Ikikwaruza, pete bado ni nzima lakini unainyima muda. Halafu jaribu kushuka kwa klachi mbili: kanyaga, toa gia, achia klachi ukiwa nyutro, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ikiingia laini kwa njia hiyo na kukwaruza kwa njia ya kawaida hata ukienda polepole, pete imelika. Ikikwaruza kwa njia zote mbili na klachi uliipima ikawa sawa, meno ya sliivu au ya gia yameshavunjika ncha.

Wakati wa kukwaruza nao unasema. Gari linalolala Molo au Timboroa na kukwaruza kilomita tatu nne za asubuhi, kisha likatulia, lina oili nzito au pete zenye mikwaruzo iliyoanza kujaa. Si lazima iwe liva. Gari linalokwaruza Kisumu saa nane mchana, kwenye foleni ya Kondele, likiwa limechemka, mara nyingi ni klachi isiyoachia. Linalokwaruza gia moja tu, saa zote, ni sinkro ya gia hiyo. Linalokwaruza gia zote baada ya kufungwa kifaa kipya, nenda kwenye kebo na bushi kwanza.

Kabla ya kuamua, badilisha oili na uwe mkali kuhusu aina yake. Watu wengi wameshika kwamba oili ya daraja la GL-5 ni bora kuliko ya GL-4 kwa kuwa namba ni kubwa. Hapana. GL-5 ina viungo vingi vya salfa na fosforasi vya kulinda meno ya difu (gia za kupeleka nguvu kwenye magurudumu), na kwenye pete za shaba inaweza kuwa telezi kupita kiasi au kuila shaba. Toyota ndogo za kebo zinakaa vizuri na 75W-90 ya GL-4, karibu lita 2. Subaru ya gia tano ni kinyume chake: difu ya mbele iko ndani ya kasha lilelile na inatumia oili ileile, kwa hiyo kitabu kinataka GL-5, karibu lita 3.5. Anayeiwekea Subaru GL-4 ya kawaida ili kuokoa sinkro anaitoa difu kafara. Giaboksi kadhaa za Isuzu nazo huwekwa oili ya injini, na ukiziwekea oili nzito ya gia zinagoma asubuhi kama punda. Soma kitabu cha gari hilo, usisome chupa.

Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, utakuwa bado una oili ndani na gari litaweza kurudi nyumbani. Wanaoanza na ya chini hubaki na giaboksi tupu na nati iliyolika juu.

Inaruka kutoka kwenye gia

Ukiona inaruka, acha kuendesha kwa kuishikilia. Kila ikiruka inajila, na hii ndiyo dalili ambayo kuchelewa kwake kunalipiwa.

Meno ya sliivu na ya gia yamechongwa kwa mteremko kidogo wa kurudi nyuma, ili yakishikana yavutane ndani. Hilo linafanya kazi tu ikiwa sliivu imeingia mpaka mwisho. Ikiingia nusu, ncha tu ndizo zinazoshika, na ncha huviringika. Baada ya wiki chache za hivyo, hata ukirudisha liva ya kiwandani, gia itaendelea kuruka, kwa sababu mteremko ule haupo tena.

Kwa hiyo swali ni moja: je, liva mpya inafikisha gia mwisho? Injini ikiwa imezimwa, toa ngozi ya liva na plastiki ya konsoli. Ingiza kila gia na uangalie liva inagusa nini. Liva fupi nyingi zinakaa chini zaidi au zimepindwa, na huegemea ukingo wa plastiki katika ya pili na ya nne, au bati la sakafu katika rivasi. Kati ya liva na chochote kile pabaki angalau milimita 8, maana injini inayumba ukipiga mafuta. Kapeti iliyoongezwa na ngozi mpya iliyoshonwa kwa kubana hufanya uovu uleule: inairudisha liva kidogo kidogo kwenye kila tuta.

Kwa gari la kebo, fanya kipimo hiki cha alama. Chomoa ncha ya kebo kwenye mkono ulio juu ya giaboksi. Sukuma mkono huo kwa mikono yako mpaka usikie gololi na springi za ndani zimebofya na hausogei tena. Chora mstari mmoja wa kalamu nyeupe unaopita kwenye mkono na kwenye kasha. Rudisha nyutro, rudishia kebo, kisha ingiza gia ileile kwa liva ya ndani. Mistari ikikutana, gia inafika mwisho. Ikikosana kwa milimita 2 au zaidi, kebo haijarekebishwa au bati lake linapinda. Rudia kwa upande wa pili, maana kebo iliyokaa vizuri kwa ya tatu inaweza kuwa fupi kwa ya nne. Kipimo hiki kinachukua robo saa na kimeokoa giaboksi nyingi zilizokuwa tayari zimewekwa kwenye orodha ya kushushwa.

Kwa Subaru nyingi hakuna kebo. Kuna fimbo moja na mhimili unaoshikilia kiti cha liva, wenye bushi nyuma. Ukiweka bushi ngumu kwenye fimbo lakini ukaacha mauntingi za injini (mipira inayoishikilia) zilizochoka, injini ikiyumba inaivuta fimbo moja kwa moja, na gia inatolewa na injini yenyewe. Bushi laini ya zamani ilikuwa inameza mwendo huo. Pima mauntingi: mtu mmoja akae ndani, breki ya mguu na ya mkono zikiwa zimeshika, aingize gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu mpaka injini ianze kuzidiwa, halafu aikanyage tena. Wewe simama kando, kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiinuka sentimita 3 na kurudi kwa kishindo, badilisha mauntingi kabla hujagusa chochote cha liva.

Nobu nzito nayo ina sehemu yake. Ya kiwandani huwa nyepesi, gramu 100 hivi. Zile za chuma zinazouzwa kwa mapambo hufika gramu 400 au 500. Uzito huo unasaidia mkono kuvuka sinkro kwa ulaini, na kwenye lami watu huupenda kwa haki. Lakini peleka gari hilo kwenye murram ya mashamba ya miwa ya Chemelil au ya majani chai ya Nandi Hills. Kila shimo linarusha nusu kilo juu na chini, na liva inapiga kwenye gololi za kushikilia gia kama nyundo ndogo. Springi zikiwa zimelegea kwa umri, gia inatoka. Fungua nobu, funga ile nyepesi, pita barabara ileile. Jibu utalipata kabla ya kufika mwisho wa shamba.

Ukinunua nobu nyingine, nunua yenye nyuzi sahihi: 12 × 1.25 kwa Toyota na Subaru nyingi, 10 × 1.25 kwa Nissan na Mazda, 10 × 1.5 kwa Honda. Zile zenye skrubu tatu za kubana pembeni, zinazodai kutoshea gari lolote, hulegea, na nobu iliyolegea humfanya dereva asukume kwa kuotea.

Mkono unaopumzika juu ya liva nao ni mzigo. Kilo moja ya mkono kwenye uwiano wa 7 ni kilo 7 zinazoisukuma foku kwenye sliivu inayozunguka, safari nzima kutoka Nakuru hadi Kisumu. Foku haikuumbwa kubeba hivyo. Ilikusudiwa kusukuma kwa nusu sekunde na kuachwa huru. Kwenye Hiace kuna wanaotundika koti au kikapu kwenye liva ya dashibodi. Matokeo ni hayo hayo.

Inaingia gia ambayo hukuitaka

Liva fupi inapunguza pia mwendo wa kando, ule wa kuchagua njia kati ya kwanza na pili, tatu na nne, tano na rivasi. Njia zikisogeleana, mkono uliozoea umbali wa zamani unakosea. Kosa baya ni kutoka ya tano ukitafuta ya nne ukaangukia ya pili. Kwa gari dogo lenye difu ya uwiano wa 4.1 na gurudumu lenye mzingo wa mita 1.8, gia ya pili ya 1.9 kama ile ya juu kwa kilomita 100 kwa saa ni mizunguko zaidi ya 7,000. Klachi ikiachiwa, valvu zinakutana na pistoni au diski la klachi linapasuka. Giaboksi inakuwa shida ndogo siku hiyo.

Angalia springi ya kurudisha liva katikati. Ukiwa nyutro, sukuma liva kushoto uachie, kisha kulia uachie. Irudi yenyewe kwenye njia ya tatu na nne kila mara. Baadhi ya seti huja na kiti kipya kisicho na springi hiyo, au na springi ngumu upande mmoja. Isiporudi, seti hiyo haifai kwenye gari la barabarani.

Kisha kuna kizuizi cha rivasi. Giaboksi nyingi za gia tano hazikubali kutoka ya tano moja kwa moja hadi rivasi, lazima upitie nyutro kwanza. Liva iliyochomelewa ikipinda kidogo inaweza kulazimisha kona ile, na dereva mwenye liva ndefu ana nguvu ya kutosha kukivunja kizuizi. Ukishakisikia kimekatika, usijaribu tena kuona kama kweli.

Liva inacheza, au imekuwa ngumu

Kucheza: shika nobu ukiwa kwenye gia, injini imezimwa, pima inasogea kiasi gani bila kukutana na ukinzani. Sentimita 2 hadi 3 ni kawaida kwa gari lenye umri. Zaidi ya 5, kuna bushi iliyokufa. Kwenye Hilux na pikapu nyingine ambazo liva inasimama juu ya giaboksi yenyewe, ni kile kikombe cha plastiki. Kibadilishe kwa kikombe, ni kazi ya dakika ishirini: toa ngozi, kandamiza kifuniko, kizungushe, vuta liva juu. Raba ya tairi inafanya kazi wiki mbili, kisha inalika na vipande vyake vinaanguka kwenye oili. Kuchomelea gololi iliyolika ni kubaya zaidi. Gololi isiyo mviringo kamili hukwama kona moja, na chembe za kuchomelea huingia mle ndani.

Hapo hapo angalia mpira wa kuzuia vumbi. Anayefunga liva fupi kwenye Hilux mara nyingi huukata ili ipite. Chini yake ni giaboksi wazi. Vumbi la murram likichanganyika na oili linakuwa msasa, na beringi hazitavumilia. Kwenye tambarare za Kano, mafuriko yakivuka barabara Ahero, maji huingia kwa njia hiyohiyo, au kwa bomba la kupumulia lililofungwa pabaya. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage leo, jaza mpya, endesha kilomita 50, imwage tena.

Ugumu wa liva bila kukwaruza ni kebo iliyopindwa kwa kona kali, au grisi ya magurudumu iliyopakwa ikashika vumbi. Safisha, tumia grisi nyeupe ya lithiamu au ya silikoni. Bushi za shaba zisizo na grisi huanza kunguruma na kukaza ndani ya mwezi.

Kelele

Mlio wa kutetemeka kwenye liva kwa mzunguko fulani, unaopotea ukiishika, ni bushi ngumu zinazopitisha mtetemo. Unaudhi, hauharibu. Mvumo unaosikika nyutro na kupotea ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia. Unaotokea ukikanyaga ni beringi ya klachi. Hizi mbili hazihusiani na liva, hata kama zimeanza siku ileile.

Ikibidi kushusha

Kabla ya hapo mwaga oili kwenye beseni safi, uitazame juani. Tope la kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Unga wa dhahabu unaomeremeta ni shaba ya sinkro. Vipande unavyoweza kushika kwa kucha ni meno, na hapo mazungumzo ya liva yamekwisha.

Giaboksi ikishafunguliwa, usikubali kuambiwa tu pete imeisha. Ikae kwenye koni yake, ibanwe kwa vidole, na mwanya kati ya pete na meno ya gia upimwe kwa geji ya mabati sehemu tatu kuizunguka. Kwa giaboksi nyingi za Toyota kikomo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, chini ya hapo ibadilishwe. Kisha mwanya kati ya foku na mfereji wa sliivu, kikomo chake milimita 1.0. Hapa ndipo historia ya liva inaposomeka. Pete zilizolika sawasawa na foku nzima ni mkono wa haraka au oili isiyofaa. Foku iliyolika upande mmoja ni mkono uliopumzika au nobu nzito. Foku iliyopinda ni liva ndefu, au liva isiyo na kizuizi chake. Meno ya gia moja yaliyoviringika ncha, pete ikiwa nzima, ni gia iliyokuwa haifiki mwisho, kebo au konsoli.

Ukibadilisha pete bila kuondoa chanzo, utaifungua tena giaboksi hiyo hiyo.

Ukitaka liva fupi ibaki

Inaweza kubaki. Chagua inayopunguza mwendo kwa asilimia 15 hadi 25, usivuke 30 kwa gari la mizigo. Iwe na springi ya katikati na kizuizi cha mwisho wa safari kinachogota kwenye kiti cha liva, foku zisiwe ndizo zinazopokea kila pigo. Usifunge bushi ngumu, nobu nzito na liva fupi siku moja. Funga kimoja, endesha wiki mbili, kisha kingine, la sivyo ikitokea dalili hutajua ya nani.

Baada ya kilomita 500 fungua ngozi tena. Shika kila nati kwa spana, angalia pini za kufungia kebo ziko mahali pake, na rudia kipimo cha mistari ya kalamu. Pini ikiwa imepotea, tafuta pini ya saizi yake. Waya wa seng'enge hukatika kwenye mteremko, na hapo ndipo unapoihitaji gia ya pili.